Ndani ya mtungi ule, mlaji ni nani?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto watatu, kwetu ni Bukavu, lakini sasa tunaishi Maine, Marekani. Mwezi uliopita tulikwenda kutembea Orono Bog, ile njia ya mbao inayopita juu ya kinamasi karibu na Bangor. Tukauona ule mmea wenye majani kama mitungi midogo, unaokula wadudu. Mwanangu wa miaka tisa akainama, akamulika ndani kwa tochi ya simu, akapiga kelele: "Mama, kuna viluwiluwi humu, na wako hai!" Tangu siku hiyo hatuna raha. Kama mtungi ni tumbo la mmea, viluwiluwi wanaishije tumboni bila kuyeyushwa? Basi tukanunua mmea kama ule kwenye kitalu, tukauweka nje barazani. Mtoto akaulisha vipande vya nyama bila kuniambia. Baada ya siku tano mtungi mmoja umegeuka mweusi na unanuka mzoga. Je, tumeua mmea? Niuoshe kwa dawa? Na wale mbu, hawatatuletea magonjwa?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Naanza na linalonuka: mmea haujafa. Kilichokufa ni jani moja, na mmea huu huchipua majani mapya kutoka katikati yake msimu wote wa joto. Usimwagie dawa yoyote. Si klorini, si sabuni, si ya kuua wadudu. La kufanya nitakwambia, ila nivumilie kwanza nimjibu mtoto, maana swali lake na mtungi wenu ulioharibika ni habari moja.

Mtoto anauliza viluwiluwi wanaishije tumboni. Neno "tumbo" ndilo linalotupoteza hapa. Mtungi ule ni dimbwi. Ni dimbwi dogo la maji ya mvua, lenye wenyeji wake, lililobebwa na jani moja.

Mmea mliouona unaitwa kitaalamu Sarracenia purpurea. Jina la kwanza ni kumbukumbu ya Michel Sarrazin, tabibu Mfaransa aliyeishi Quebec enzi za ukoloni na kupeleka Ulaya mimea ya huko. Unaota kwenye vinamasi vya upande wa mashariki wa Amerika Kaskazini, kuanzia Kanada mpaka majimbo ya kusini ya Marekani. Mlipokuwa juu ya zile mbao mlikuwa mnapita juu ya godoro la sfagnamu, mimea laini inayonyonya maji kama sifongo na kuyatia ukali wa tindikali. Chini yake kuna mboji tu, masalia ya mimea ya miaka mingi yasiyooza yakaisha. Naitrojeni na fosforasi hapo ni haba, na mimea mingi ikiota hapo hudumaa. Huu umejitafutia riziki kwa njia yake: jani limejikunja likawa chombo, kifuniko kimesimama wima pembeni bila kufunika kitu, na mvua inajaza.

Siku mkirudi, mwambie mtoto apitishe kidole taratibu upande wa ndani wa kile kifuniko kilichosimama. Kushuka chini atasikia ulaini kama wa manyoya ya paka. Akirudisha kidole juu, vinyweleo vitamkwaruza, kwa sababu vyote vimeelekezwa chini. Sisimizi anayefuata utamu wa ukingoni hukanyaga vinyweleo hivyo, na chini yake ukuta ni mtelezo. Hata hivyo wengi hula na kuondoka zao salama. Watafiti waliokaa kuhesabu wadudu wanaotembelea mitungi walikuta wanaonaswa hawafiki hata 1 katika kila 100. Kwa mmea huu, kila anayezama ni tunu. Na si wadudu peke yao: mwaka 2019 watafiti walieleza jinsi walivyokagua kinamasi kimoja katika hifadhi ya Algonquin, Ontario, wakakuta karibu mmea mmoja katika kila mitano umenasa salamanda wachanga, viumbe wa jamii ya chura wenye mkia.

Sasa, aliyezama anayeyushwa na nani? Jambo hili liliwagawa mabingwa. Mwaka 1874 Joseph Hooker, mkuu wa bustani za mimea za Kew, London, alisimama mbele ya wanasayansi mjini Belfast akaeleza alivyoilisha mimea mitungi ya Asia, Nepenthes, weupe wa yai, gegedu, na vipande vya nyama mbichi. Mwambie mwanao kwamba alichokifanya yeye barazani kwenu, Hooker alikifanya kabla yake. Miaka michache baadaye Sydney Vines akapata kimeng'enya, yaani kitu kinachovunjavunja chakula, kwenye tezi za mtungi wa Nepenthes, akasema mmea unajimeng'enyea wenyewe. Kisha mwaka 1890 Mfaransa Raphaël Dubois akapinga: akasema kinachotokea humo ni kazi ya bakteria, nyama inaoza tu kama inavyooza popote. Wakabishana kwa miaka.

Kila upande ulikuwa umeshika kipande cha ukweli. Nepenthes kweli hutoa tindikali na vimeng'enya vyake, na kuna spishi ambazo maji yake yanakaribia ukali wa maji ya tumboni mwa binadamu. (Hao Nepenthes wako jirani na pwani yetu kuliko wengi wanavyodhani. Madagaska ina spishi mbili, na Shelisheli ina yake moja, Nepenthes pervillei, inayoota kwenye miamba ya vilele vya Mahé na Silhouette. Bara la Afrika lenyewe halina hata moja ya asili.) Sarracenia yenu iko upande wa pili. Jani lake changa hutoa vimeng'enya kiasi, hasa siku za mwanzo, lakini maji yake si makali kiasi cha kumyeyusha aliye hai, na sehemu kubwa ya kazi imeachiwa wenyeji wa dimbwi. Ndiyo maana nasema hoja ya Dubois, aliyoitoa kuhusu Nepenthes, ingelifaa zaidi mmea wa Maine.

Nataka nikuoneshe jinsi dimbwi hilo linavyoanza, kwa sababu mimi kila nikiliona linanishangaza upya. Jani jipya hukua midomo ikiwa imebana. Watafiti waliopima ndani ya majani ambayo hayajafunguka hawakukuta bakteria humo. Halafu siku moja midomo inaachia. Mvua ya kwanza inaingia, na pamoja nayo vumbi, na miguu ya sisimizi wa kwanza, na kila mguu umebeba bakteria wake. Siku chache tu na maji yale tayari yana mamilioni ya wakazi. Nyuma yao wanakuja protozoa, viumbe wa chembe moja wanaokula bakteria, kisha rotifera, wanyama wadogo mno wa majini wanaokula wote wawili. Na mbu jike wa spishi moja pekee anakuja kutaga, naye huchagua jani lililofunguka karibuni, kwa sababu majani hunasa wadudu wengi zaidi katika wiki zao za mwanzo. Anataga mayai mahali ambapo chakula kinakaribia kuingia.

Mara ya kwanza nilipovuta maji ya mtungi kwa bomba dogo la kudondoshea dawa, nilifanya pupa nikavuruga tope lote, nikaona uchafu mtupu. Mara ya pili nilikaa nikatulia. Wakati wa kutazama ni asubuhi, jua likiwa limeinuka kidogo, ili mwanga upenye ukuta wa jani na kuligeuza kama kioo cha taa. Juu kabisa, chini ya uso wa maji, alikuwa ananing'inia funza mmoja mnene mweupe, matako juu. Huyu ni mtoto wa nzi anayeitwa Fletcherimyia. Nyuma ya mwili wake kuna kijibakuli kinachokamata uso wa maji. Anapumulia hapo, kichwa kikiwa chini kinararua mdudu aliyezama dakika hii. Mara nyingi utamkuta mmoja tu kwa mtungi, kwa sababu wakikutana wawili hupigana. Katikati ya maji ndipo walipokuwa viluwiluwi wa mbu, Wyeomyia smithii, wembamba, karibu wazi kama kioo. Vinywa vyao vina brashi zinazopepea bila kukoma, zikichuja bakteria na protozoa. Hao ndio aliowaona mwanao. Na chini kabisa, ndani ya lile tope jeusi la miguu na mbawa, vijifunza vyembamba kama uzi vilikuwa vinajipindapinda: Metriocnemus knabi, watoto wa visubi wasiouma, wanaotafuna mizoga iliyokwisha kuzama.

Kisha tone moja chini ya hadubini. Hapo ndipo nilipokaa mpaka chai ikapoa. Rotifera wa humo, Habrotrocha rosa, ana kichwa chenye magurudumu mawili ya vinyweleo yanayoonekana kama yanazunguka, yanavuta maji kuelekea kinywani. Wote ni majike. Katika ukoo wao mzima hakuna dume aliyewahi kuonekana. Maji yakikauka anajikunja kuwa kama punje ya vumbi na kungoja, yakirudi anaamka. Pembeni yake protozoa wanakatiza kwa kasi hata jicho linashindwa kuwafuata. Na nyuma ya wote, kama ukungu unaotetemeka, bakteria.

Sasa mfuate sisimizi mmoja aliyeanguka. Akiwa bado anaelea, funza wa juu anaweza kumfaidi. Akizama, vijifunza vya chini vinamkatakata. Kila anapokatwa, sehemu iliyo wazi kwa bakteria inaongezeka, na chembe nyingine zinapanda kwenye maji ambako viluwiluwi wa mbu wanazichuja. Mwanaikolojia Stephen Heard alionyesha mwaka 1994 kwamba mbu wanafaidika na kazi ya visubi: visubi wanapotafuna, mabaki yanayowaponyoka ndiyo mlo wa mbu. Gamba la mdudu limejengwa kwa kitini, kitu kigumu ambacho wanyama wengi hawakiwezi, lakini kuna bakteria wenye vimeng'enya vya kukivunja. Mwisho wa safari hiyo, protini za sisimizi zinageuka amonia, na amonia hiyo ndiyo mmea unainywa kupitia ukuta wa jani. Taka za rotifera nazo zina naitrojeni na fosforasi, nazo zinanywewa.

Mtu angeuliza, je, mmea unawahitaji wote hao? Hapa lazima nikupe jibu lisilopendeza sana mashabiki wa viluwiluwi. Kuna jaribio lililochapishwa mwaka 2008 ambalo watafiti walitumia naitrojeni yenye alama, ile nzito, ili waifuate ikitoka kwenye mizoga mpaka ndani ya mmea. Mitungi mingine ilikuwa na mbu na visubi, mingine haikuwa nao. Mmea ulipata naitrojeni yake bila tofauti kubwa. Bakteria ndio waliobeba mzigo. Wale tunaowaona kwa macho wanakatakata, wanaharakisha, wanapunguza huyu na kumwachia nafasi yule. Mbu hasa, wanapowala protozoa, hubadilisha aina za bakteria zinazostawi. Lakini kama ningeambiwa niwaondoe wakazi wote nibakishe kundi moja tu, ningewabakisha bakteria, na mmea usingelala njaa.

Na mmea nao unalipa kodi ya nyumba, kama hivi. Mwaka 1984 William Bradshaw na Robert Creelman walieleza kwamba jani linanyonya amonia na kaboni dioksaidi kutoka kwenye maji yale, na mchana, likiwa kwenye usanisinuru, linayapa oksijeni. Hilo ndilo jibu kamili la mtoto. Viluwiluwi hawayeyushwi kwa sababu maji hayana ukali wa kuwayeyusha, na hawakosi pumzi wala hawasumishwi na amonia kwa sababu ukuta unaowazunguka ni jani hai, linaloondoa uchafu wao na kurudisha hewa safi. Ukiweka maji yaleyale na mizoga ileile kwenye kopo la plastiki, hakuna wa kuyasafisha.

Ndiyo sasa nafika kwenye nyama yenu.

Sisimizi ni gamba kwa sehemu kubwa, anaoza polepole. Kipande cha nyama, hata kiwe kama ukucha wa kidole gumba, ni protini na mafuta vitupu. Bakteria waliokuwa wanaishi kwa makombo wameletewa karamu. Wakala, wakaongezeka, na kila mmoja anavuta oksijeni. Mchana jani likajitahidi kurudisha, usiku halina jua. Ikafika asubuhi ambayo oksijeni iliyotumika usiku haikuweza tena kulipwa mchana. Kuanzia hapo bakteria wanaohitaji hewa wakapungua, wakashika nafasi wale wanaoishi bila hewa, na hao hutoa gesi zenye harufu ya mayai viza na mzoga. Maji yakawa na utusitusi, jani likakosa mwanga wa kupenya, usanisinuru ukashuka zaidi. Mambo yakavutana kwenda chini, mpaka tishu za jani zenyewe zikafa zikawa nyeusi.

Haya si makisio yangu. Mwaka 2013 kikundi cha Jennie Sirota, Nicholas Gotelli na Aaron Ellison kilichapisha jaribio ambalo waliilisha mitungi ya Sarracenia wadudu waliosagwa, kwa viwango tofauti, huku vipimo vya oksijeni vikiwa ndani ya maji usiku na mchana. Mitungi iliyolishwa kidogo ilikuwa na mdundo wake: oksijeni inapanda na jua, inashuka na giza. Iliyozidishiwa ilipoteza mdundo huo, oksijeni ikawa chini mchana na usiku. Waliitazama mitungi ile kama mfano mdogo wa kile kinachoyapata maziwa na mabwawa yakizidishiwa mbolea na maji machafu. Wewe umetoka kando ya Ziwa Kivu, na wasomaji wengi wa safu hii wako kando ya Ziwa Victoria. Wavuvi wa Nyanza na Mwanza wanajua rangi ya kijani kibichi inayotanda majini na samaki wanaoelea wamekufa. Kisa cha mwanao na kisa cha ziwa vinafanana hatua kwa hatua, ila cha mwanao kilichukua siku tano tu, ndani ya vijiko vichache vya maji.

Basi fanya hivi. Jani lililogeuka jeusi lote, likate kwa mkasi karibu na shina, lisioze juu ya mengine. Kama kuna mtungi mwingine uliotiwa nyama lakini ukuta wake bado ni wa kijani au wekundu, usiukate. Toa nyama kwa kibano, vuta maji machafu kwa bomba la sindano lisilo na sindano, jaza maji ya mvua mpaka nusu. Yasiwe ya bomba, kwa sababu mara nyingi yana chumvichumvi ambazo mizizi ya mmea huu haizivumilii, na klorini pia. Theluji safi iliyoyeyushwa inafaa. Halafu chukua kijiko cha chai cha maji kutoka mtungi wenye afya wa mmea huohuo, ukamimine kwenye uliosafishwa. Umeupa wakazi wa kuanzia, kama unavyochukua mtindi wa jana kugandisha maziwa ya leo. Uweke kwenye jua kali. Jua ndilo linaloleta oksijeni, kwa hiyo mtungi wa kivulini hauna ulinzi huo.

Kuulisha, usiulishe. Ukikaa nje barazani utajinasia. Na usiutilie mbolea, hata iliyoandikwa ni ya maua. Ellison na Gotelli walionyesha mwaka 2002 kwamba mimea hii ikipewa naitrojeni nyingi, hata ile inayoshuka na mvua kutokana na moshi wa magari na viwanda, inaacha kutengeneza mitungi ya maana na kutoa majani bapa ya kupokea jua tu. Mmea unaona hauna haja ya kuwinda. Kwangu hili ni mojawapo ya mambo ya kusikitisha zaidi niliyowahi kusoma kuhusu uchafuzi wa hewa, kwa sababu jani likiacha kuwa mtungi, wale wote niliokutajia hawana pa kuishi.

Pengine unajiuliza kama wakazi hawa ni wa bahati nasibu, yaani ni vidudu vyovyote vilivyoangukia humo. Hapana, na ushahidi wake unanifurahisha. Mtafiti Leonora Bittleston na wenzake walichukua maji ya mitungi zaidi ya 330, ya spishi nane za Nepenthes kutoka Asia ya Kusini-Mashariki na sita za Sarracenia za Amerika, wakasoma vinasaba vya waliomo. Mimea hii miwili haina undugu wa karibu kabisa; kila mmoja alibuni mtungi wake kivyake, bahari kubwa ikiwa katikati. Spishi za wakazi zilikuwa tofauti, lakini koo zao zilikuwa zilezile kwa sehemu kubwa, na zote zilikuwa na uwezo mkubwa wa kuvunjavunja mabaki. Kisha wakachukua Nepenthes wakaiweka kwenye kinamasi cha Amerika. Ndani ya mitungi ile ya kigeni wakaingia wakazi wanaofanana na wa Sarracenia. Taarifa ilitoka mwaka 2018. Mwaka 2020 Bittleston akaja na nyingine: walichukua bakteria wa mitungi kumi, wakawalea maabara kwa chakula kimoja, nyenje waliosagwa. Ungetegemea wote waishie kufanana, kwa kuwa mezani wamewekewa sahani moja. Hawakufanana. Kila jamii ilibaki na sura yake, na uwezo wa kuvunja kitini ulitofautiana, ikitegemea nani walikuwamo tangu mwanzo. Ndiyo sababu nimekwambia umimine kijiko kutoka mtungi wenye afya badala ya kuacha maji matupu yajitafutie.

Limebaki la mbu, na hofu yako ina msingi, kwa sababu sisi tumekulia mahali ambapo maji yaliyotuama maana yake ni homa. Hata maji yaliyonasa ndani ya majani yana historia mbaya kwetu. Kwenye makwapa ya majani ya migomba na ya magimbi huzaliana mbu wa kundi la Aedes simpsoni, na miaka ya 1940 huko Bwamba, magharibi mwa Uganda, ndio waliokutwa na virusi vya homa ya manjano. Lakini Wyeomyia smithii wa kaskazini, wa Maine mliko, hanyonyi damu kabisa. Jike hutaga kwa akiba aliyojiwekea akiwa kiluwiluwi, yaani kwa sisimizi waliozama. Zaidi ya hapo, mbu huyu haendi mbali na kinamasi chake. Mmea wenu wa barazani unaweza kupata bakteria, rotifera na nzi, lakini mbu hawa pengine hamtawaona hapo, labda muwe jirani na kinamasi. Ukiona viluwiluwi barazani, tazama kwanza ndoo na matairi.

Usiingize mmea ndani ya nyumba majira ya baridi. Unahitaji baridi ili upumzike. Uweke nje, chungu chake kikizungushiwa majani makavu au kufukiwa ardhini. Wakazi wake nao wamezoea. Viluwiluwi wa Wyeomyia huhesabu urefu wa mchana, na siku zikianza kufupika wanasimamisha ukuaji wao wapate kungoja. Bradshaw na Christina Holzapfel walilinganisha mbu wa miaka ya 1972 na wa 1996 wakakuta wale wa kaskazini siku hizi wanachelewa kusimama, takriban siku tisa zaidi, na badiliko hilo limo kwenye vinasaba vyao: vuli za kule zimerefuka, na mbu wamelifuata joto.

Mkipata kinamasi kinachofikika mwezi wa tatu, kabla barafu haijaachia, mwambie mtoto aende na tochi yake. Jani la mwaka jana bado litakuwepo, jekundu, limelala kwenye theluji, na ndani yake kipande kigumu cha barafu. Amulike kutoka pembeni. Vile vijistari vyeusi vilivyoganda katikati ni viluwiluwi walewale, wako hai.